Mpeni Faili, Kanga Anazo

Kwa: Mawakili wasomi wenye ofisi Kibaha na Kisarawe, pamoja na wenzenu wa Dar es Salaam mnaokuja kwetu kwa kesi za viwanja.

Kutoka kwa: Shangazi, karani mstaafu wa mahakama, Kisarawe.

YAH: MABINTI ZETU WALIOSOMA SHERIA

Waheshimiwa,

     

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nijitambulishe kidogo. Mimi si msomi. Nilikaa masijala za mahakama katika mkoa huu wa Pwani mpaka nikastaafu, kazi yangu ikiwa kupokea hati, kugonga muhuri, kufungua majalada na kuwaambia watu warudi kesho. Sheria siijui, ila mawakili nawajua. Nawajua kwa mwandiko, kwa miguno, na kwa zile homa zinazowapata asubuhi ya kesi ngumu zikawaachia kabla ya chakula cha mchana. Nikikosea kifungu mtanisahihisha, ndiyo kazi mliyosomea. Nikikosea adabu mtanivumilia, maana shangazi hajibiwi mbele za watu.

Naanza na shukrani. Kila ifikapo tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, mnatupendeza sana. Mabinti wa ofisi zenu hugawiwa kanga na kushonewa vitenge vya sare, keki hukatwa, na picha hupigwa, mwenye ofisi akiwa katikati, mabinti kulia na kushoto. Chini ya picha huandikwa kwamba ofisi hii inamwinua mwanamke. Tunaziona, tunazipenda, tunazisambaza. Tarehe 9 napishana na binti yuleyule ngazini pale Maili Moja, mkono mmoja chupa ya chai ya mkubwa, mkono wa pili bahasha ya hati, anakimbilia masijala kabla dirisha halijafungwa. Huyo ana digrii ya sheria. Huyo ameapishwa na jina lake limo katika Roli ya Mawakili, sawa na lenu.

Ombi langu ni fupi, na mwenye haraka ya kwenda mahakamani anaweza kuishia hapa: mpeni faili. Kanga anazo, tumempa sisi. Faili ndilo hatuna.

Waliobaki, tuendelee.

Msije mkanijibu kwamba nchi hii bado inajifunza. Chuo Kikuu chetu kilipoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo cha kwanza kufunguliwa kilikuwa cha Sheria. Halafu tukampata Bi. Julie Manning, mwanasheria aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 akaingia Baraza la Mawaziri akiwa Waziri wa Sheria. Yeye na Bi. Tabitha Siwale ndio wanawake wa kwanza kuketi katika baraza hilo. Mwaka 1989 wanasheria wanawake wakaunda chama chao, TAWLA. Mwaka 2000 majaji na mahakimu wanawake wakaunda cha kwao, TAWJA. Jaji Eusebia Munuo akawa mwanamke wa kwanza Mahakama ya Rufani, na mwaka 2012 akaanza kuongoza chama cha majaji wanawake wa dunia nzima. Dk. Asha-Rose Migiro alitoka kufundisha sheria Mlimani, akapita serikalini, na mwaka 2007 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Fatma Karume alikiongoza chama chenu wenyewe, Chama cha Wanasheria Tanganyika, kuanzia mwaka 2018. Dk. Tulia Ackson, naye mwalimu wa sheria, alikalia kiti cha Spika mwaka 2022.

Kwa hiyo mnaposimama kwenye hafla mkamwambia binti wa Maneromango kwamba mwanamke anaweza, mnampa habari ya zamani. Anajua. Bibi yake alisikia habari za Waziri Manning redioni. Kikubwa kilichobaki huko juu ni kiti cha Jaji Mkuu, ambacho kimekaliwa na wanaume tangu uhuru. Kenya walimpa Bi. Martha Koome kiti hicho mwaka 2021 na jua linaendelea kuchomoza Nairobi. Lakini hilo si la kwenu kuamua, wala mimi sikuandika kwa ajili ya kiti kimoja. Mimi naandika juu ya mahali ambapo digrii inaishia na kipato hakijaanza. Hapo ndipo mabinti wetu wanapopotelea, na hapo wenye ufunguo ni nyinyi.

Kwanza niwakumbushe wanatokea wapi, maana nasikia neno "uwezo" likitajwa sana ofisini kwenu.

Mkoa huu haukukosa shule nzuri. Kisarawe kuna Minaki, shule ya wamisionari tangu enzi za Mwingereza. Kibaha kuna sekondari ya Shirika la Elimu, iliyotokana na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963. Rais Mstaafu Jakaya Kikwete alisoma pale. Zote mbili zilijengwa kwa ajili ya wavulana. Wasichana wakaja kupata Ruvu, na juzi juzi tu Kisarawe ikapata shule ya wasichana yenye jina la Jokate Mwegelo, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya kuanzia mwaka 2018 na kuendesha ile kampeni ya Tokomeza Zero. Katika kizazi changu, kaka zetu walipokuwa wanapanda gari kwenda bweni, sisi tulikuwa tunawekwa ndani. Nilikuwa mwali mimi. Najua ninachokisema.

Na sheria ilikuwa upande wa ndani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana akisubiri 18. Aliyeipeleka mahakamani alikuwa mwanasheria kijana wa kike, Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye na kuipa Serikali mwaka mmoja irekebishe vifungu hivyo. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja ule ukapita, na mingine ikafuata. Nalitaja hili kwa sababu ofisi zenu zilikuwepo muda wote huo, zina vitabu, zina viti vya kuzunguka, na kifungu hicho kilikuwa humo vitabuni. Alikiona binti.

Sasa chukueni msichana aliyeyapita hayo yote. Hakuolewa kidato cha pili. Amemaliza chuo kikuu. Bado si wakili mpaka apite Law School, pale Dar es Salaam. Akitokea Kisarawe anabadilisha gari Gongo la Mboto, akitokea Kibaha anabadilisha Mbezi, na jioni hivyo hivyo kurudi. Asiyeweza mwendo huo anapanga chumba. Ada ipo, vitabu vipo, suti nyeusi ipo, na kula kupo. Mnayakumbuka matokeo ya Oktoba 2022 yaliyotikisa nchi: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, waliofeli 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wengi wenu mlitoa maoni, nami niliyafuatilia kwa makini. Mlisema vijana wa siku hizi hawasomi. Inawezekana. Lakini mtu anayerudia mtihani analipa tena nauli, tena chumba, tena chakula, na nyumbani kwake kuna wadogo zake wanaosubiri zamu. Kwa mvulana, ukoo hujikusanya ukauza kipande cha shamba. Kwa msichana, ukoo huuliza kama hakuna mchumba.

Huyo akishinda hapo, akaapishwa, mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, ndipo anakuja kwenu.

Kwetu Wazaramo mwali hukaa ndani kwa muda unaojulikana, akafundwa, kisha siku ikifika hutolewa nje kwa ngoma, mchana kweupe, kila mtu amwone na ajue kwamba huyu sasa ni mtu mzima wa kuhesabiwa. Nyinyi mwali mnampokea vizuri sana, mnamfungia chumba cha nyuma na mafaili, mnamfunda kweli kweli, ila siku ya kumtoa haifiki. Ngoma haipigwi. Mwaka wa kwanza anaambiwa bado mdogo. Wa tatu anaambiwa wateja hawajamzoea. Wa tano ana mtoto, anaambiwa sasa ana majukumu.

Niwaonyeshe jambo la kwanza, nililolishika kwa mikono yangu. Hati ya madai ikiletwa masijala, karani huangalia kwanza ukurasa wa mwisho. Pale chini huandikwa imeandaliwa na kuwasilishwa na nani. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mawakili kinataka jina na anwani ya aliyeiandaa hati, na hati isiyo na jina hilo inaweza kukataliwa. Nyinyi hamjawahi kulisahau, nawapongeza. Shida ni kwamba aliyeniletea hati nilimjua. Alikuwa binti mwenye wino kidoleni na macho mekundu ya kukesha. Nikimuuliza aya ya saba inadai nini, ananieleza bila kuiangalia. Nikimuuliza mwenye jina lililoandikwa chini, siku atakayofika, ananiomba nimwonyeshe jalada asome kwanza. Kifungu mmekitii, waheshimiwa. Jina tu ndilo mlilobadilisha.

La pili, siku ya kusikilizwa ikifika, binti huyohuyo hutumwa asimame. Hatumwi kutetea alichokiandika. Anatumwa kuomba ahirisho. "Mheshimiwa, wakili msomi anayeendesha shauri hili ni mgonjwa." Au yuko Mahakama Kuu. Au amepata msiba. Nimeandika maahirisho hayo katika kumbukumbu za mahakama mpaka mkono ukazoea wenyewe. Mabinti wa Pwani wamekuwa mabingwa wa kutangaza homa za wanaume ambao nimewaona asubuhi ileile wakinywa supu. Kisha siku ya kuhoji mashahidi, siku ambayo wakili anajulikana, homa inapona. Halafu kwenye kikao cha ofisi mnasema binti hana uzoefu wa mahakamani. Angeupata wapi?

La tatu ni gumu kidogo kulisema kwa wanasheria. Nyinyi ndio mnaokwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kuwatetea wafanyakazi wa viwandani wasio na mikataba. Mnasimama mnakitaja kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinachomtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Mnaitaja likizo ya uzazi, siku 84, na siku 100 kwa mama wa pacha. Mnataja hata zile saa mbili za mama kunyonyesha. Inapendeza kusikiliza. Naomba mkirudi ofisini mfungue kabati mnionyeshe mkataba wa binti anayewaandalia hoja hizo. Wengine wanalipwa "kitu kidogo cha nauli". Wengine wanaambiwa wanajifunza, na mwanafunzi hadai. Akipata mimba, anakwenda nyumbani kwa makubaliano mazuri, na akirudi anakuta kiti kina mtu.

Lipo na la nne, ambalo nyumbani tunalisema kwa kunong'ona, ila nyinyi mnalijua kwa namba: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kinachomkamata mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki. Majaji wanawake wa TAWJA walilivalia njuga jambo hili na wenzao wa nje, wakalizungumza hadharani wakati wengi wakiona aibu. Sitasema zaidi. Nawaomba tu kifungu hicho kibandikwe ukutani, karibu na picha ya tarehe 8 Machi.

Sasa turudi kwenye faili, maana kuna faili na faili.

Naomba msiseme kwamba mabinti hawapewi kabisa. Wanapewa. Mirathi yenye ndugu kumi na nyumba moja, wanapewa. Matunzo ya mtoto ambaye baba yake amehamia Tunduru, wanapewa. Talaka ambayo mke hana hela ya wakili, wanapewa, na zikifika siku za msaada wa kisheria wa bure, wao ndio hutangulizwa kwenye turubai, na mnawasifu kwamba wana huruma. Wana huruma kweli. Lakini Kibaha ya leo si ya kesi za huruma peke yake. Kwala kuna bandari kavu. Viwanda vinajengwa, reli ya kisasa inapita, na jiji linakuja mbio kwenye barabara ya Morogoro likinunua kila linachokikuta. Kisarawe mashamba ya mikorosho yanageuzwa viwanja, na kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu watatu. Hapo ndipo penye ada ya kujengea nyumba. Mafaili hayo yakija, naona suti zinatoka Posta kuyafuata, au yanabaki kwa mkubwa mwenyewe, na sababu ninayopewa ni kwamba kesi ya ardhi inataka mwanaume.

Nani aliwaambia? Sheria ya ardhi haikusema hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na kati yao watatu wawe wanawake. Kijiji cha ndani kabisa huko Kisarawe, ambako pikipiki inaogopa wakati wa masika, kinatakiwa kiketishe wanawake watatu chini ya mwembe kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Ofisi yenye vigae na intaneti haina mshirika mwanamke hata mmoja, na haioni haya. Basi kijiji kimewapita, wasomi wangu.

Nanyi mnaujua uamuzi wa Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, wa Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walisema kwamba kazi za mke nyumbani, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ni uamuzi mkubwa, umewafaa wanawake wengi mno, na hakuna kati yenu asiyeunukuu. Kinachosahaulika ni kwamba Bi. Hawa mwenyewe aliondoka bila fungu la nyumba, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe, akazitumia vibaya, zilikuwa zimemaliza haki yake. Alishinda hoja, akakosa mali. Nikiwatazama mabinti wa ofisi zenu namkumbuka yeye. Mchango wao mnaukiri kwa maneno mazito. Mgao ukifika, mnawaambia walikwisha kupewa: uzoefu, nauli, na kitenge.

Msidhani ni sisi tu. Binti mmoja wa sheria alinisimulia habari za Marekani, nami nikamwambia anirudie polepole. Mwaka 1872 huko Washington aliapishwa Charlotte Ray, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili nchini humo, msomi wa Chuo Kikuu cha Howard. Alifungua ofisi. Sheria ilimruhusu, mahakama ilimkubali, na waliomsikia walikiri kwamba anaijua kazi. Wateja hawakuja. Hakuna aliyetaka kumkabidhi kesi yake mwanamke, tena mweusi. Akafunga ofisi, akahamia New York, akafundisha shule. Jane Bolin akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa hakimu huko mwaka 1939. Ketanji Brown Jackson akaingia Mahakama ya Juu mwaka 2022, miaka 150 kamili tangu Bi. Ray aape. Wenzetu hao, wajukuu wa watu waliochukuliwa katika bara hili, hawakuangushwa na mtihani. Waliangushwa na mafaili yasiyofika mezani. Siku hizi wana vyama vyao, wanachangiana ada, wanashikana mikono, na wanawauliza wateja wakubwa hadharani: kazi zenu mnampa nani? Sisi tulianza kufundisha sheria mwaka 1961. Mkitaka nasi tungoje miaka 150, tutafika mwaka 2111. Mimi sitakuwepo, na nyinyi ahirisho la mwisho mtakuwa mmeshalipata.

Sasa maombi, na nimeyapanga kama mnavyopenda, mwishoni mwa hati.

Kwanza, jina. Aliyeandaa hati, jina lake lionekane kwenye hati, hata likiwa la pili baada ya lenu. Wino hauongezeki bei.

Pili, kusimama. Binti aliyeandika hoja asimame azitetee, mkubwa akae pembeni yake. Akikosea, mrekebisheni ofisini. Nyinyi pia mlikosea. Majalada ya miaka yenu ya mwanzo nimeyapanga mimi.

Tatu, mkataba wa maandishi wenye mshahara, tarehe ya mshahara, na likizo ya uzazi. Hili silibembelezi, ni sheria.

Nne, mgawanyo wa mafaili. Anayepewa mirathi apewe na ardhi, anayepewa matunzo apewe na mkataba wa kampuni. Wekeni daftari la kugawia kazi, lionekane na kila mmoja ofisini. Mwanaume anayeshinda kwa haki hana sababu ya kuogopa daftari.

Tano, semeni wazi masharti ya kuwa mshirika: miaka mingapi, kesi ngapi, mapato kiasi gani. Mtu akiyajua atayafanyia kazi. Asipoyajua atabaki mwali.

Sita, kila ofisi imchukue msichana mmoja wa mkoa huu anayesoma Law School, imkopeshe nauli na chumba, alipe akianza kupata. Mcheza kwao hutunzwa, na hawa kwao ni hapa. Wilaya hizi ndizo zinazowapa kesi mnazoishi nazo.

Kwa Chama cha Wanasheria Tanganyika nina swali moja tu la heshima. Kila mwaka mnakusanya ada za mawakili wote, na kila mwaka tunasikia hotuba juu ya usawa. Kwa nini msiziulize ofisi, wakati huohuo wa kupokea ada, zina mawakili wanawake wangapi, wangapi wana mikataba, wangapi ni washirika, na majibu yakachapishwa kwa jina la ofisi? Hotuba zitapungua urefu.

Kwa waheshimiwa mahakimu na majaji: binti akisimama kuomba ahirisho, mwulizeni kama anaijua kesi. Mara nyingi anaijua. Mwambieni aendelee. Mtashangaa homa zitakavyopungua Pwani.

Nimebaki na wa kwangu, wateja, hasa wanawake wenzangu wa vikoba, wa sokoni na wa mashamba ya urithi. Hatuna usafi wa kumnyooshea wakili kidole peke yake. Tunamlilia binti asome, akisoma tunaingia ofisini kwake tunauliza, "Wakili yupo?" naye ameketi mbele yetu. Kesi ya matunzo tunampelekea yeye kwa sababu atatuelewa, kesi ya shamba tunampelekea mwanaume kwa sababu hakimu atamwogopa. Hakimu hamwogopi mtu. Hakimu anasoma karatasi, na nimeshawaambia nani anaandika karatasi.

 Majibu yenu nitayapokea kwa maandishi, yakiwa na jina la aliyeyaandaa.

Wenu,

Shangazi
Karani Mstaafu, Kisarawe

Nakala:
Kwa mabinti: kazeni, na kila hati mnayoandika wekeni nakala yake.
Kwa wateja wote wa Kibaha na Kisarawe: mkilipa ada, ulizeni ni nani aliyeandika hati yenu, kisha mwambieni mwenye ofisi kwamba huyo ndiye mnayemtaka asimame.